Jinsi ya kupiga hesabu ya malipo ya mkeka, kuanzia timu mbili hadi sistimu

Maswali kuhusu mkeka, yaani beti moja yenye timu kadhaa, ni yale yale. Mtu ameweka timu nne, tatu zimeshinda, anauliza kwa nini hakulipwa chochote. Mwingine mechi yake moja imeahirishwa, malipo yakashuka karibu nusu, anaamini ameibiwa. Wa tatu amechagua sistimu ya Yankee, yaani furushi la mikeka midogo 11, akaandika dau la 10, akaunti ikakatwa 110. Hakuna aliyeibiwa hapo. Hesabu ilikuwa hivyo tangu walipobonyeza kitufe cha kuthibitisha, ila hawakuipiga.

Hapa utajifunza kuipiga mwenyewe kwa kalamu au kikokotoo cha simu, kabla pesa haijatoka. Sifundishi kuchagua timu. Ninachotaka ni uweze kutazama mkeka wowote na kujua zikishinda zote unapata ngapi, ikianguka moja unabaki na ngapi, na kiasi gani hasa kinakutoka mfukoni.

Uwe na vitu hivi kwanza

- Odi (namba inayozidishwa na dau ukishinda) ya kila chaguo kama ilivyoandikwa kwenye risiti ya mkeka wako. Usichukue odi inayoonekana sasa kwenye ukurasa wa mechi, maana hubadilika kila wakati, na wewe unalipwa kwa ile uliyoikubali ulipobeti.
- Dau, na jibu la swali hili: hilo dau ni la mkeka mzima au la kila mkeka mdogo uliomo ndani yake? Kwenye sistimu, jibu hilo linabadilisha kila kitu.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Kanuni za kampuni unayobetia, sehemu nne tu: mechi iliyofutwa au kuahirishwa, kikomo cha malipo, makato ya kodi, na masharti ya bonasi.

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. *Malipo* ni pesa yote inayorudi kwako, dau likiwemo. *Faida* ni malipo ukishatoa dau. Namba kubwa inayong'aa chini ya mkeka kwa kawaida ni malipo. Mifano yote hapa chini ni namba tupu bila sarafu. 100 ni mia moja ya pesa yoyote unayotumia.

Hatua ya 1: Geuza odi zote ziwe za desimali

Kama odi zako zinaonekana kama 1.50 au 2.20, ruka hatua hii.

Odi za sehemu, kama 5/2, gawanya namba ya juu kwa ya chini kisha ongeza 1. Kwa hiyo 5/2 ni 2.5 + 1, yaani 3.50. Hiyo 1 ya mwisho ni dau lako linalorudi, na ndiyo watu wengi wanayoisahau.

Odi za Kimarekani zina alama mbele. Yenye alama ya kujumlisha, gawanya kwa 100 kisha ongeza 1: +150 inakuwa 2.50. Yenye alama ya kutoa, gawanya 100 kwa namba hiyo kisha ongeza 1: −200 inakuwa 1.50.

Hatua ya 2: Zidisha odi zote, kisha zidisha kwa dau

Tuchukue timu nne tutakazokwenda nazo karibu hadi mwisho:

A: 1.50
B: 2.00
C: 1.80
D: 2.50

1.50 × 2.00 = 3.00
3.00 × 1.80 = 5.40
5.40 × 2.50 = 13.50

Odi ya mkeka ni 13.50. Kwa dau la 100, malipo ni 1,350 na faida ni 1,250.

Kosa la kwanza ni kujumlisha odi. Ukijumlisha hizi unapata 7.80, namba isiyo na maana yoyote kwenye mkeka wa aina hii. Sababu ya kuzidisha ni kwamba malipo ya timu ya kwanza yanageuka dau la timu ya pili, na kuendelea. Dau la 100 kwa A linakuwa 150. Hiyo 150 yote inaingia kwa B na kuwa 300. Kwa C inafika 540, na kwa D 1,350. Hapo ndipo unapoona kwa nini timu moja ikianguka kila kitu kinakwenda: hakuna pesa iliyobaki pembeni, yote ilikuwa inasafiri pamoja.

Kosa la pili ni kukadiria katikati ya njia. Odi za 1.45, 1.67 na 1.83 zinatoa 4.431345. Ukikata sehemu ya kwanza ya hesabu iwe 2.42 badala ya 2.4215, utaishia na 4.4286. Kwa dau la 1,000, hiyo ni tofauti kati ya 4,431.35 na 4,428.60. Kata desimali mwisho kabisa, ukishazidisha na dau.

Hili nalo ulikumbuke: kuzidisha kunafaa pale tu machaguo yanapotoka kwenye mechi tofauti. Ukichanganya kwenye mechi moja "A ashinde" na "A afunge mabao zaidi ya 1.5", matukio hayo yanavutana, na kampuni hutoa odi yake maalumu iliyo ndogo kuliko ukizidisha mwenyewe. Hapo tumia odi waliyokupa kama chaguo moja.

Hatua ya 3: Geuza kilichotokea uwanjani kiwe namba

Ukiishika hatua hii, maswali mengi ya wanaoanza yanaisha. Kila chaguo, mechi ikimalizika, linabeba namba moja:

- Limeshinda: odi yake.
- Limepoteza: 0.
- Limefutwa na dau kurudishwa: 1.
- Limeshinda nusu, kama inavyotokea kwenye hendikapu za robo (timu hupewa au hukatwa sehemu ya bao kabla ya mechi, kama 0.25 au 0.75): jumlisha odi na 1, gawanya kwa 2.
- Limepoteza nusu: 0.5.
- Chaguo lako limefungana na jingine moja kwenye nafasi uliyobetia, kama inavyotokea kwenye gofu au mbio za farasi: odi gawanya kwa 2.

Weka namba hizo mahali pa odi, zidisha kama kawaida. Kitu chochote mara 0 ni 0, ndiyo maana timu tatu zikishinda na moja ikapoteza mkeka umechanika wote.

Sasa ile mechi iliyoahirishwa. Tuseme C haikuchezwa na kampuni imeifuta. Namba yake inakuwa 1:

1.50 × 2.00 × 1 × 2.50 = 7.50

Malipo ni 750, yameshuka kutoka 1,350. Mkeka haujapoteza, umekuwa mkeka wa timu tatu. Njia ya mkato ni kugawanya odi ya mkeka kwa odi ya mechi iliyofutwa: 13.50 ÷ 1.80 = 7.50. Angalia lakini, mechi iliyoahirishwa haifutwi palepale kila mahali. Kampuni nyingine husubiri saa kadhaa au siku kadhaa ichezwe. Hiyo ni kanuni ya kusoma mapema.

Mfano wa nusu: hendikapu ya −0.75 kwa odi ya 1.90, na timu yako imeshinda kwa bao moja tu. Nusu ya dau imeshinda, nusu imerudishwa. Namba ni (1.90 + 1) ÷ 2 = 1.45. Ukiwa nayo pamoja na B na C zilizoshinda: 2.00 × 1.80 × 1.45 = 5.22.

Hatua ya 4: Kama ni sistimu, hesabu mikeka midogo iliyomo

Sistimu si mkeka mmoja. Ni furushi la mikeka midogo, kila mmoja una dau lake na unashinda au kuchanika peke yake. Ukishaliona hivyo, hofu yote ya majina magumu inaondoka.

Kwa sistimu zinazobeba kila muunganiko, zidisha 2 kwa 2 mara nyingi kama idadi ya timu, kisha toa 1. Kwa timu nne: 2 × 2 × 2 × 2 = 16, toa 1, inabaki 15. Hiyo ndiyo Lucky 15, ambamo hata timu moja moja imebetiwa kivyake. Ukiondoa zile nne za moja moja inabaki 11, nayo ni Yankee.

Kwa mtindo huohuo, bila za moja moja:

Timu 3: Trixie, mikeka 4
Timu 4: Yankee, mikeka 11
Timu 5: Canadian, mikeka 26
Timu 6: Heinz, mikeka 57
Timu 7: Super Heinz, mikeka 120
Timu 8: Goliath, mikeka 247

Zenye za moja moja ni Patent (timu 3, mikeka 7), Lucky 15, Lucky 31 na Lucky 63.

Zidisha idadi hiyo kwa dau la mkeka mdogo kabla hujathibitisha. Dau la 10 kwenye Goliath ni 2,470. Mtu akiandika dau dogo akidhani ndilo lote, kampuni haina haja ya kumuuliza mara mbili.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya sistimu

Njia ndefu kwanza, kwa Yankee ya timu zetu nne, dau 10 kwa kila mkeka mdogo, jumla 110. Zote zimeshinda.

Timu mbili mbili: AB 3.00, AC 2.70, AD 3.75, BC 3.60, BD 5.00, CD 4.50. Jumla 22.55.
Timu tatu tatu: ABC 5.40, ABD 7.50, ACD 6.75, BCD 9.00. Jumla 28.65.
Timu nne: 13.50.

Hapa kujumlisha kunaruhusiwa, kwa sababu unajumlisha mikeka tofauti. 22.55 + 28.65 + 13.50 = 64.70. Mara dau la 10, malipo ni 647, faida 537.

Njia fupi, ambayo ningependa kila mtu aijue: ongeza 1 kwenye namba ya kila timu, zidisha zote, toa 1. Hapo umepata jumla ya Lucky 15. Kwa Yankee, toa pia jumla ya namba zenyewe.

2.50 × 3.00 × 2.80 × 3.50 = 73.50
73.50 − 1 = 72.50
72.50 − (1.50 + 2.00 + 1.80 + 2.50) = 72.50 − 7.80 = 64.70

Namba ileile, kwa mistari mitatu. Na inafanya kazi hata timu zikianguka, mradi utumie namba za hatua ya 3. Tuseme B imepoteza, namba yake ni 0:

2.50 × 1 × 2.80 × 3.50 = 24.50
24.50 − 1 − (1.50 + 0 + 1.80 + 2.50) = 17.70

Malipo ni 177. Umetoa 110, faida ni 67. Kama C imefutwa na nyingine zimeshinda, weka 1 mahali pake: 2.50 × 3.00 × 2.00 × 3.50 = 52.50, toa 1, toa 7.00, inabaki 44.50, yaani malipo 445.

Sasa fanya jaribio ambalo karibu hakuna anayelifanya: zikishinda mbili tu? Unabaki na mkeka mdogo mmoja. Hata zikiwa zile mbili zenye odi kubwa, B na D, malipo ni 50 kwa dau la 110. Umepoteza 60, ingawa simu itakuletea ujumbe wa kukupongeza kwa ushindi. Yankee hii haina faida bila timu tatu. Zikishinda tatu zenye odi ndogo, A, B na C, unapata 147, faida 37. Ulinganishe pia na upande wa pili: dau lilelile la 110 kwenye mkeka mmoja wa timu nne lingelipa 1,485 zikishinda zote, badala ya 647. Sistimu inakuuzia nafasi ya kukosea mara moja, na hiyo 838 ndiyo bei yake.

Ukipenda jedwali la kompyuta, weka namba za timu kwenye A1 hadi A4, dau kwenye B1, na C1 hadi C4 ziwe namba hizohizo ukiongeza 1. Kisha andika =(PRODUCT(C1:C4)-1-SUM(A1:A4))*B1. Badilisha namba ya timu iwe 0 au 1, malipo yanabadilika mbele ya macho yako.

Hatua ya 6: Sistimu ya idadi moja, kama 3 kati ya 5

Hapa unabeba mikeka ya timu tatu tatu tu. Idadi yake: 5 × 4 × 3 gawanya kwa 3 × 2 × 1, yaani 60 ÷ 6 = 10. Kwa sistimu hizi kampuni nyingi huuliza dau la jumla, kwa hiyo wewe ndiye unayegawanya. Dau la 200 ni 20 kwa kila mkeka mdogo.

Odi ni 1.60, 1.75, 2.00, 2.20 na 1.90. Ile ya mwisho imepoteza, zimebaki timu nne na mikeka minne hai. Zidisha zote nne: 12.32. Kisha gawanya kwa kila odi kwa zamu, maana mkeka wa timu tatu ni timu nne ukiondoa moja:

12.32 ÷ 1.60 = 7.70
12.32 ÷ 1.75 = 7.04
12.32 ÷ 2.00 = 6.16
12.32 ÷ 2.20 = 5.60

Jumla 26.50, mara 20 ni 530. Zikianguka mbili, na zikabaki 1.60, 1.75 na 2.00, unabaki na mkeka mmoja wa 5.60, malipo 112. Umepata tatu kati ya tano kama jina la sistimu linavyosema, na bado umepoteza 88.

Hatua ya 7: Makato na nyongeza

Kodi hutegemea nchi, na cha kujua ni inakatwa wapi. Tuseme ni asilimia 10, kwa mkeka wetu wa dau 100 na odi 13.50. Ikikatwa kwenye faida, 1,250 inatoa 125, unapokea 1,225. Ikikatwa kwenye malipo yote, unapokea 1,215. Ikikatwa kwenye dau kabla halijaingia, 90 × 13.50 ni 1,215 vilevile.

Bonasi ya mkeka mrefu mara nyingi huhesabiwa kwenye faida, na huwa na masharti: idadi ya timu na odi ya chini kwa kila timu. Mechi moja ikifutwa, idadi inapungua na unaweza kushuka daraja la bonasi au kuikosa kabisa.

Beti ya bure, ambayo dau lake linatolewa na kampuni: kwa kawaida dau halirudi. Toa 1 kwenye odi ya mkeka kwanza. 100 × 12.50 = 1,250.

Hatua ya 8: Pima mkeka kabla ya kuuweka

Gawanya 1 kwa odi ya mkeka. 1 ÷ 13.50 ni takriban 0.074. Maana yake mkeka huu unapaswa kutiki zaidi ya mara 7 katika 100 ndipo usile pesa yako kwa muda mrefu. Jiulize kwa dhati kama unaamini hivyo.

Wanaopanga timu kumi "za uhakika" wanahitaji hatua hii kuliko wote. Timu kumi za odi 1.20 zinatoa 6.19. Hata kama kila moja ina nafasi ya asilimia 80 kushinda, nafasi ya zote kumi ni 0.80 ikizidishwa mara kumi, takriban asilimia 10.7. Mkeka huo unahitaji asilimia 16.2 ili usikupe hasara.

Na makato ya kampuni yaliyofichwa ndani ya odi nayo yanazidishana. Tukio la pande mbili zilizo sawa lingelipa 2.00, kampuni inakupa 1.90. Kwa beti moja, kila 100 inarudisha wastani wa 95. Kwa timu nne, 1.90 mara nne ni 13.03 badala ya 16, wastani unashuka hadi 81. Kwa timu kumi ni 613 badala ya 1,024, wastani karibu 60. Kampuni inaweza kukupa bonasi kwenye mkeka mrefu kwa sababu huko ndiko inakokukata zaidi. Kwa hiyo weka dau ambalo ukilipoteza lote hutalifukuzia kwa dau jingine.

Hesabu yako haifanani na ya kampuni?

*Tofauti ni ndogo sana.* Huenda odi iliyoonyeshwa imekadiriwa. Odi ya 10/11 huandikwa 1.91, lakini yenyewe ni 1.90909 na kuendelea. Timu nne za aina hiyo kwa dau la 1,000 ni 13,283 kwa odi halisi na 13,309 kwa odi iliyokadiriwa.

*Malipo ni madogo kwa mara kadhaa kamili.* Kwenye sistimu, huenda dau uliloliona kama la kila mkeka lilikuwa la jumla. Gawanya hesabu yako kwa idadi ya mikeka midogo uone kama inalingana.

*Pungufu ni sawasawa na dau.* Ilikuwa beti ya bure, au unalinganisha malipo na faida.

*Imeishia kwenye namba ya mviringo.* Umegonga kikomo cha malipo. Kila kilicho juu ya kikomo hakilipwi, hata mkeka ulionyesha zaidi.

*Timu zote zimeshinda lakini mkeka umeandikwa umepoteza.* Soma soko ulilochagua, yaani aina ya beti. Beti ya mshindi wa mechi ya mpira wa miguu kwa kawaida huhesabiwa kwa dakika 90 na za majeruhi. Timu iliyoshinda kwenye muda wa ziada au penalti ilitoka sare kwa mujibu wa mkeka wako.

*Bado hailingani.* Piga picha ya risiti inayoonyesha namba ya mkeka, andika hesabu yako mstari kwa mstari pamoja na namba ya kila chaguo kutoka hatua ya 3, kisha uwaandikie huduma kwa wateja ukiuliza wametumia namba gani kwa kila chaguo. Ukiuliza hivyo wanalazimika kukuonyesha chaguo lenyewe lililoleta tofauti.